Kimondo kinaunguaje mahali penye baridi kuliko pote? Jibu kwa mvuvi wa Kilwa

Swali: "Mimi ni mvuvi, nakaa Kilwa. Usiku tukiwa dago, kambini kwetu wavuvi, huwa naona vimondo vingi vikipita. Mwanangu wa kidato cha kwanza amenisomea kitabu chake cha jiografia, kwamba vimondo huungulia kwenye tabaka la anga linaloitwa mesosfia. Ukurasa huohuo unasema mesosfia ndiyo yenye baridi kuliko matabaka yote, tena hewa yake ni chache mno. Sasa kitu kitaunguaje penye baridi? Na kama hewa imekwisha, kinasuguana na nini? Mtoto ananitazama nimjibu, nami sina la kumwambia."

Jibu:

Salamu nyingi kwako, ndugu yangu, na mtoto mfikishie salamu zake peke yake.

Kitabu hakikukosea. Mesosfia ni baridi kweli, hewa yake ni chache kweli, na vimondo huungulia huko kweli. Mambo hayo yanaonekana kugombana kwa sababu tumezoea kwamba kitu huungua kwa kupewa moto na kilicho jirani yake, kama samaki anavyoiva kwa moto wa jikoni. Kimondo hakipewi moto na jirani. Kimekuja na moto wake, umo ndani ya mwendo wake. Na hewa ya huko juu haijaisha, imepungua. Kati ya kupungua na kuisha ndipo ilipo habari yote ya mesosfia, kwa hiyo niruhusu niende taratibu.

Tuanze na mahali penyewe. Angahewa hugawanywa kwa matabaka, na kinachotenganisha tabaka moja na jingine ni joto: linapanda au linashuka kadiri unavyokwenda juu. Tabaka la chini, troposfia, ndilo lenye mawingu, mvua, na pepo zako za kusi na kaskazi. Humo ukipanda unakutana na baridi, ndiyo maana kilele cha Kilimanjaro kina barafu ilhali watu wa Moshi wanatokwa na jasho. Juu yake ipo stratosfia, na hapo mambo hugeuka: joto huanza kupanda tena, hadi karibu na nyuzi sifuri kwenye kimo cha kilomita 50. Hapo ndipo mesosfia inapoanza. Joto linashuka upya, safari hii kuliko kokote kwingine, mpaka kilomita 85 hivi, au hata karibu na 100 kutegemea majira na mahali. Ukivuka hapo umeingia themosfia, na joto linaanza kupanda tena. Jina mesosfia limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya katikati. Lilipendekezwa na Mwingereza Sydney Chapman mwaka 1950.

Kama ingekuwapo barabara ya kwenda juu moja kwa moja, basi la mwendo wa kilomita 80 kwa saa lingeingia mesosfia baada ya dakika 40 hivi. Ni karibu kuliko Dar es Salaam ilivyo karibu na wewe. Hata hivyo hakuna mahali katika anga letu pagumu kufikika kama hapo, na sababu nitaieleza mbele.

Sasa tuipime hewa. Ukisimama ufukweni, kila sentimita moja ya mraba ya mwili wako, eneo la ukucha wa kidole tu, imebebeshwa hewa yenye uzito wa karibu kilo moja, kuanzia hapo ulipo hadi mwisho wa anga. Hatuusikii uzito huo kwa kuwa hewa hutusukuma pande zote kwa pamoja, na miili yetu imeuzoea. Kwenye mlango wa mesosfia, kilomita 50, kilo ile imebaki chini ya gramu moja. Kwenye kilomita 80 imebaki kama sehemu moja ya mia ya gramu. Ukiichukua hewa yote ya dunia, 99.9 kwa mia iko chini ya mesosfia. Kwa hiyo kitabu kinaposema hewa ni chache, hakitii chumvi.

Lakini geuza upande wa pili. Chukua nafasi ndogo ya dadu ya kuchezea ludo, kama sentimita moja ya ujazo, uijaze hewa ya kilomita 80. Humo bado zimo molekuli, yaani chembe ndogo kabisa za hewa, zaidi ya trilioni 300. Hapa chini zimebanana kiasi kwamba molekuli moja haiwezi kuruka hata umbali wa kuonekana kwa jicho kabla haijamgonga mwenzake. Kule huruka kama milimita nne ndipo igongane. Milimita nne! Kwetu ni upana wa punje ya kunde, lakini kwa molekuli ni safari ndefu mno. Hiyo ndiyo hewa ya mesosfia: nyembamba hivyo, na bado ipo.

Rudi kwenye vimondo vyako. Vingi unavyoviona ukiwa dago ni vidogo kuliko mtu anavyodhani: punje ya mchanga, na vile vinavyokufanya umwite mwenzako atazame pengine ni kama punje ya mchele au kunde. Ukubwa wa mwanga unatoka kwenye kasi. Hakuna kimondo kinachoingia angani kwa mwendo wa chini ya kilomita 11 kwa sekunde, na vilivyo vikali kabisa hufika kilomita 72 kwa sekunde. Tuchukue cha wastani, kilomita 30 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kutoka Kilwa hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni sekunde nane. Kijiwe cha gramu moja chenye mwendo wa namna hiyo kimebeba nishati ya kuchemsha lita moja ya maji na nyingine ikabaki.

Nishati hiyo inatokaje? Hapa wewe unajua kuliko wengi wetu tuliosoma vitabuni. Mvua ya rasharasha ukiwa umekaa barazani haikuumizi. Mvua ileile ikikukuta kwenye boti ya injini, umefungua mashine hadi mwisho, inakuchoma usoni kama sindano. Matone hayakubadilika, wewe ndiye uliyeyafuata kwa kasi. Kimondo nacho kinazifuata molekuli za hewa. Zenyewe zimetulia zake, tena ni za baridi, lakini kwa kimondo kila moja ni risasi inayokuja kilomita 30 kwa sekunde. Na ubaridi wake hausaidii kitu. Molekuli za hewa yenye joto la Kilwa hurukaruka kwa karibu nusu kilomita kwa sekunde. Za kule baridini hurukaruka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya kilomita. Ukiilinganisha tofauti hiyo na kilomita 30, haipo. Kwa kimondo, mesosfia ya baridi kali na hewa ya joto la jikoni ni kitu kimoja.

Kwa mvua hiyo ya risasi uso wa kijiwe hupanda joto hadi maelfu ya nyuzi, kinayeyuka, kinageuka mvuke, na mvuke huo pamoja na hewa iliyogongwa ndivyo vinavyotoa nuru unayoiona. Hakuna mwali kama wa kuni pale. Vingi huanza kuonekana kwenye kimo cha kilomita 100 na kitu, pembeni mwa themosfia, na humalizikia ndani ya mesosfia, kati ya 95 na 75 hivi. Juu ya hapo hewa haitoshi kuviwasha. Chini ya hapo havifiki, vimekwisha.

Neno "msuguano" la kitabuni si baya kwa kuanzia, ila mimi singemwachia mtoto akue nalo. Kwa kijiwe kidogo huko juu, hewa haipiti ikikisugua kama msasa, inakigonga molekuli moja moja. Kwa jiwe kubwa linaloshuka zaidi, hewa ya mbele yake hukosa nafasi ya kukimbia, ikarundikana na kubanwa, na hewa iliyobanwa ghafla hupata moto. Shika pampu ya baiskeli ukiwa umejaza upepo kwa nguvu, utausikia moto kwenye shina lake. Ni jambo hilohilo, kwa kipimo cha kutisha.

Mawe makubwa sana mesosfia haiyawezi. Kimondo cha Mbozi, kule mkoani Songwe, ni pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Kilipita mesosfia kwa sekunde chache, na hewa ile nyembamba haikuweza kukizuia. Kwa upande mwingine, asidhani mtu kwamba hewa hiyo ni ya kuchezea. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilikuwa kinarudi duniani na watu saba, bawa lake la kushoto likiwa limetoboka tangu siku kiliporuka. Kilisambaratika kikiwa kwenye kimo cha kilomita 60 hivi juu ya Texas. Ni ndani ya mesosfia, mahali ambapo mshumaa usingewaka. Hewa ya moto iliyobanwa na mwendo wa chombo chenyewe iliingia kwenye tundu lile na kuliyeyusha bawa kutoka ndani, na wote saba wakafa.

Na majivu ya vimondo yanakwenda wapi? Kila siku dunia hupokea vumbi la angani la makumi ya tani, na sehemu kubwa hugeuka mvuke kwenye kimo hicho. Madini yake hubaki kuelea huko: chuma, magnesi, na sodiamu, hii hii iliyomo kwenye chumvi ya kukaushia papa. Kwenye kilomita 90 hivi kuna utandu wa sodiamu unaoizunguka dunia nzima. Wanaastronomia wamegeuza utandu huo kuwa chombo cha kazi. Pale Paranal nchini Chile, tangu mwaka 2016, darubini moja kubwa hurusha miale minne ya leza ya rangi ya manjano hadi kwenye sodiamu hiyo, nayo huwaka kama nyota nne za bandia. Kwa kuzitazama zinavyotetemeka, kompyuta hujua hewa inavyochezesha picha na kuinyoosha papo hapo. Vumbi la vimondo vilivyokufa linasaidia kuziona nyota za mbali. Kila nikilifikiri jambo hili huwa nafurahi upya.

Sasa baridi, maana hilo ndilo lililobaki, na kwangu mimi ndilo tamu zaidi.

Watu wengi hudhani kwenda juu ni kulisogelea jua, hivyo joto lingepaswa kuongezeka. Kilomita 80 si kitu mbele ya kilomita milioni 150 za kufika kwenye jua. Joto la anga hutegemea nani anaishika miale, na nani anaitoa. Jiko la stratosfia ni ozoni: inakamata mionzi ya urujuanimno kutoka kwenye jua na kuigeuza joto, na kazi hiyo inashamiri zaidi karibu na kilomita 50. Ndiyo maana mlango wa mesosfia una ahueni. Ukipanda zaidi ozoni inaadimika, jiko linabaki chini yako, na kila hatua unazidi kuliacha mbali.

Wakati huohuo kuna anayetoa joto nje. Ni hewa ukaa, hiyo hiyo tunayoilaumu kwa kuichemsha dunia, na lawama hiyo ni ya haki. Huku chini hewa ukaa inafanya kazi ya blanketi: joto linalopanda kutoka ardhini inalikamata na kulirudisha. Lakini kwenye mesosfia hakuna kilicho juu yake cha kulizuia. Molekuli yake ikigongwa na jirani, inachukua nishati ya mgongano huo na kuitupa angani kama mionzi ya joto isiyoonekana, nayo inakwenda moja kwa moja, hairudi. Huku chini ni blanketi, kule juu ni dirisha lililoachwa wazi usiku. Kwa hiyo tunavyozidi kuchoma mafuta na makaa, sisi huku tunaongezewa blanketi, na mesosfia inaongezewa madirisha. Vipimo vya miongo kadhaa vinaonyesha inazidi kupoa na kujikunja kuelekea chini. Ukisikia mtu anasema jua ndilo linaloongeza joto duniani, mwulize mbona juu kunapoa.

Kungekuwa na mambo hayo mawili tu, ncha za dunia zingekuwa na baridi zaidi wakati wa giza lao la miezi kadhaa, na nafuu wakati jua halizami. Mambo yako kinyume. Mahali penye baridi kuliko pote katika anga hili ni ukingo wa juu wa mesosfia, juu ya ncha ya dunia, katikati ya majira yake ya joto, jua likiwaka saa ishirini na nne. Hapo joto hushuka hadi karibu na nyuzi 140 chini ya sifuri. Baridi kali kuliko zote iliyowahi kupimwa na kituo cha ardhini ni nyuzi 89.2 chini ya sifuri, huko Vostok, Antaktika, tarehe 21 Julai 1983, na hiyo ilikuwa katikati ya majira ya baridi ya kule. Jambo hili liliwasumbua wanasayansi miaka mingi.

Ufumbuzi uko kwenye mawimbi, na hapa nakurudisha baharini. Unalijua wimbi la bahari kuu, lile refu linaloinua ngalawa polepole wala halimwagi maji. Likifika mwambani, nguvu yake ileile inaingia kwenye maji machache, wimbi linainuka, linasimama, linapasuka. Hewa nayo ina mawimbi. Upepo ukivuka safu ya milima, au wingu la radi likisukuma hewa juu kwa nguvu, mawimbi huondoka hapo na kupanda. Huku chini ni madogo, hayamtikisi mtu. Kadiri yanavyopanda hewa inapungua, nguvu ileile inabebwa na hewa kidogo zaidi, basi yanakua na kukua. Mesosfia ndiyo mwamba wake. Yakifika huko yanapasuka, na kupasuka kwake kunaisukuma hewa ya huko kama mto mkubwa unaotoka upande wa dunia wenye majira ya joto kwenda upande wenye majira ya baridi.

Hewa inayoondoka lazima ijazwe. Juu ya ncha yenye majira ya joto hewa inavutwa kutoka chini kupanda, inapopanda inatanuka, na inapotanuka inapoa. Fungua kipira cha tairi la baiskeli upepo utoke kwenye kidole chako, utausikia ubaridi wake. Upande wa pili wa dunia hewa inashuka, inabanwa, inapata joto. Jua linapasha, lakini mawimbi yanayopasuka yanapoza zaidi ya jua linavyopasha. Fikiria: wingu la radi la huku chini lina sehemu yake katika baridi ya kilomita 85 juu ya Antaktika.

Juu yenu Kilwa baridi haifiki huko, iko karibu na nyuzi 90 chini ya sifuri tu. Kwa hiyo kuna kitu kimoja cha mesosfia hamtakiona: mawingu yake. Huko kwenye baridi kali ya ncha, mvuke kidogo uliopo huganda juu ya vumbi la vimondo, likatokea wingu jembamba la rangi ya buluu ya fedha linalong'aa baada ya jua kuzama, kwa kuwa lenyewe liko juu kiasi cha kuendelea kumulikwa. Yaliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1885, miaka miwili baada ya volkano ya Krakatoa kulipuka, wakati watu wengi walikuwa wanatazama magharibi kwa sababu ya rangi za ajabu za machweo. Mjerumani Otto Jesse aliyapiga picha kuanzia mwaka 1887, akapiga hesabu za kimo chake kutoka vituo viwili na kupata kilomita 82, jibu ambalo hadi leo halijaondolewa. Kama una ndugu Skotilandi, Norwe au Kanada, mwambie atazame kaskazini saa za usiku mwezi Juni na Julai.

Ila ushahidi mwingine wa mesosfia unao mikononi, kama bado una redio ya zamani yenye masafa ya kati. Baba yangu alikuwa nayo, ya betri kubwa. Mchana ilishika kituo kimoja, cha karibu. Giza likiingia, akizungusha kitufe polepole, zilianza kuingia sauti za Kiarabu, kisha nyimbo za Kihindi, wazi kama ziko chumba cha pili. Tulidhani mchana kuna kelele nyingi na usiku dunia imetulia. Sababu ilikuwa juu yetu. Mchana, kati ya kilomita 60 na 90, miale ya jua hung'oa elektroni, vijichembe vyenye umeme, kutoka kwenye molekuli za hewa. Wimbi la redio likipita hapo linazitikisa elektroni hizo, lakini hewa ya mesosfia bado inatosha kuzigonga, na kila mgongano unaila nguvu ya wimbi, mpaka linafia njiani. Jua likizama, elektroni hurudi kwenye molekuli zake kwa dakika chache. Njia inafunguka, wimbi linapanda hadi matabaka ya juu zaidi ya kilomita 100, linadunda, na kurudi duniani maili nyingi kutoka lilikotoka. Hapo tena unaona: hewa ingekuwa imekwisha kweli, redio ya baba ingeshika Bombay mchana kweupe.

Nilikuahidi kueleza ugumu wa kufika. Ndege hazikaribii. Puto lililopanda juu kuliko yote, la Wajapani mwaka 2013, lilifika kilomita 53.7, likaishia mlangoni. Setilaiti nazo haziwezi kukaa chini kiasi hicho, hewa hiyo chache inazikokota na kuziangusha. Hewa ni chache mno kwa mwenye kuelea, na nyingi mno kwa mwenye kuzunguka. Zinabaki roketi ndogo za kupimia, zinazopita humo kwa dakika chache na kushuka, kama zinazorushwa kutoka Andøya, Norwe, tangu mwaka 1962. Hata pwani yetu imo kwenye historia ya roketi: kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini karibu na Malindi, ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Yenyewe ilikwenda kutafuta vyanzo vya mionzi ya eksrei angani, mesosfia ilikuwa njia tu. Kazi kubwa ya kuichunguza hufanyika kwa mbali, kwa rada na leza kutoka ardhini, na kwa setilaiti zinazoitazama kwa pembeni kutoka juu.

Kwa kuwa haifikiki, imetushangaza mara nyingi. Tarehe 6 Julai 1989 watafiti wa Minnesota waliokuwa wanajaribu kamera walinasa, kwa bahati, miali ya nuru iliyosimama juu ya mawingu ya radi ya mbali. Ni radi za mesosfia, nyekundu, zinazofika kilomita 90, na kila moja huisha kabla hujapepesa jicho. Huzaliwa pale radi kubwa inapopiga ardhi chini yake, hivyo bonde la Kongo, lenye radi nyingi kuliko eneo jingine lolote la Afrika, ni nyumbani kwake. Na tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga, katika Pasifiki, ilirusha moshi na mvuke hadi kilomita 57. Hakuna moshi wa volkano uliowahi kupimwa ukivuka mlango wa mesosfia kabla ya huo.

Mtoto akitaka kuviona vimondo kwa macho, msubiri hadi usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, wakati dunia inapopita kwenye vumbi la kijisayari kiitwacho Phaethon. Kama mawingu ya vuli yatawapisha, kaeni mbali na taa kuanzia saa nne usiku, na vitakuwa vingi zaidi kufikia saa nane, vikionekana kutokea upande wa kaskazini. Mfundishe kupima kwa ngumi: mkono ukinyooshwa mbele, ngumi moja ni nyuzi kumi hivi za anga. Kimondo kikipita kaskazini, kama ngumi mbili juu ya upeo wa macho, mtu mwingine wa dago atasema kimeanguka hapo nyuma ya kisiwa. Kimo chake ni kilomita 90, kwa hiyo piga hesabu naye: kiliungulia juu ya Dar es Salaam.